Labda Nilibonyeza Kitu

Machi 2

Mvua ya kwanza imenikuta njiani bila mwavuli. Nimefika kazini nimelowa chapachapa, na Meneja akasema mtu anayelipwa kuharibu vitu angalau asianze na zulia la ofisi.

Niieleze kazi yangu hapa, maana hata kaka yangu ninayekaa kwake hajaielewa mpaka leo. Ofisi yetu inatengeneza programu ya kutunza matoleo ya maandishi. Unaandika, ukifika mahali ukaridhika unabonyeza Piga Muhuri, na programu inakumbuka kila kitu kilivyokuwa wakati huo, hata ukija kuvuruga baadaye. Mkiandika watu wawili hamna haja ya kutumiana faili nzima. Mnatumiana kiraka, yaani kijifaili kidogo kinachosema toa mstari huu, weka huu. Mwenzako anakibandika kwenye kazi yake, mambo yamekwisha.

Sasa kiraka huweza kukwama katikati. Umeme umekatika, diski imejaa, au mistari kinayoitafuta haipo tena. Hapo programu inatakiwa kurudisha kila kitu kilivyokuwa, isimwachie mtu kazi nusu mbichi nusu imeiva. Mimi kazi yangu ni kuvikwamisha viraka kwa makusudi na kuona kama kweli inarudisha. Ofisini wananiita Mharibifu, na nikisema ukweli jina nalipenda.

Machi 5

Paa linavuja ukumbini. Kaka ameweka ndoo, anasema atapanda kuliziba mvua ikitulia. Mwaka jana ndoo ilikuwa hiyohiyo.

Machi 9

Siku nzima nimemtesa Punda. Punda ni kompyuta ya majaribio, tulimwita hivyo kwa sababu anapigwa kila siku na hasemi. Nafuta folda yote, naweka faili safi zilizopigwa muhuri, nabandika kiraka, na kikiwa katikati nachomoa waya ukutani. Nawasha tena, nabonyeza Rudisha, nalinganisha na muhuri. Tiki ya kijani. Nimeijaza diski takataka mpaka ikakosa nafasi ya kupumua: tiki ya kijani. Mchana umeme ukakatika wenyewe kwa sababu ya radi, ukanifanyia kazi bure, na hilo nalo likapita.

Meneja aliniomba pia nitunge maneno ya kumwonyesha mtu ambaye kiraka chake kimekwama. Nikaandika: "Kiraka kimekwama. Usiwe na wasiwasi. Bonyeza Rudisha, na kazi yako itarudi ilivyokuwa." Aliyasoma kwa sauti ofisi nzima ikisikia, akasema yanatuliza moyo. Nimetembea kichwa juu mpaka jioni.

Machi 14

Jumamosi. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mkunga na anafundisha wakunga chuoni. Yeye na mkunga mwenzake wa mji mwingine wanaandika kitabu cha wanafunzi wao. Leo nimechungulia kompyuta yake nikacheka mpaka nikakaa chini. Kuna "sura ya tatu", "sura ya tatu mpya", "sura ya tatu mpya kabisa" na "sura ya tatu hii ndiyo".

"Cheka tu," akasema. "Mwenzangu kanitumia nyingine jana, nayo kaiita mpya kabisa. Hatujui tena mpya ni ipi."

"Wifi, hayo yamekwisha leo. Nakuwekea programu yetu. Hutapoteza hata nukta."

Nikamwekea, nikampigia muhuri wa kwanza mimi mwenyewe, nikamwelekeza mwenzake kwa simu naye akaiweka. Nilimwonyesha vitufe haraka haraka, maana kaka alikuwa ananiita chakula kinapoa. Wifi akaniuliza, "Kwa hiyo nikihifadhi tu kama kawaida, inatosha?" Nikamjibu wewe andika, programu itakutunzia.

Nimeyaandika maneno yake na yangu kama yalivyosemwa. Wakati huo nilikuwa najiona nimemfanyia hisani kubwa.

Machi 20

Kikao kidogo kuhusu majaribio. Taratibu ndiye aliyeandika sehemu ya kurudisha. Tunamwita hivyo kwa sababu akianza sentensi unaweza kwenda kuchukua chai ukarudi hajaimaliza. Leo akaniuliza, "Mharibifu, hivi... folda unazojaribia... huwa zina kazi ambayo haijapigwa muhuri?"

"Itoke wapi? Naanza na folda safi."

"Ndiyo. Ila watu... hawaanzi na folda safi."

Nikamwambia asiyepiga muhuri ni mzembe, na mimi napima programu, sipimi uzembe. Watu wakacheka. Taratibu naye akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilifurahi kwamba wamecheka.

Machi 27

Mvua. Majaribio yote kijani. Ndoo imejaa mara mbili.

Aprili 1

Wifi anaandika kila alasiri akitoka chuoni, mezani, miguu juu ya kigoda kwa sababu sakafu ina unyevu. Anasema sura ya kutokwa damu baada ya kujifungua ndiyo inayomtoa jasho, kwa kuwa mwanafunzi atakayeielewa vibaya atamuua mtu. Ameiandika upya karibu yote. Aliniomba nimsomee ukurasa mmoja nikasema kesho.

Aprili 6

Leo sijui niandike vipi.

Nilirudi nikamkuta wifi amesimama mbele ya kompyuta, mikono ameiweka kifuani, hagusi kitu. Kaka alikuwa amesimama nyuma yake. Mkunga mwenzake alikuwa amemtumia kiraka cha sura ile ya damu. Akakibandika, kikakwama, kwa sababu mistari kiliyoitafuta yeye alishaibadilisha. Yakatokea maneno yangu. Usiwe na wasiwasi. Akabonyeza Rudisha. Sura yote ikarudi ilivyokuwa siku niliyompigia muhuri mimi, na si sura hiyo tu. Folda nzima. Kila alichoandika tangu siku ile hakipo.

"Nilikuwa nahifadhi," akasema. "Kila siku nahifadhi, wifi. Nilikuwa nahifadhi."

Nikakaa kwenye kiti chake nikaanza kufungua hiki na kile kama fundi anayejua anachotafuta. Hakuna. Muhuri ulikuwa mmoja tu, wangu. Nilihisi kaka ananitazama kisogoni, na nikasema bila hata kugeuka:

"Wifi, programu haiwezi kufanya hivyo. Tumeijaribu mno. Lazima ulibonyeza kitu."

"Nimebonyeza Rudisha. Imeniambia nibonyeze."

"Kabla ya hapo. Lazima kuna kitu ulibonyeza."

Akatazama vidole vyake. Huyu ni mwanamke ambaye madaktari humpisha njia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Labda nilibonyeza kitu."

Kaka akamwambia basi, pole, yatarekebishika, akaenda kumwaga ndoo. Mimi nikasema pole pia. Nikala, nikaenda chumbani kwangu.

Aprili 7

Nimefika kazini kabla ya wote. Nimechukua Punda, nimeweka faili safi, kisha nikaandika mistari michache juu yake bila kupiga muhuri, kama mtu yeyote anavyofanya. Nikabandika kiraka kisichofaa. Kikakwama. Nikabonyeza Rudisha.

Mistari yangu imefutika yote, na pembeni tiki ya kijani inawaka.

Majaribio yangu yote yalilinganisha na muhuri wa mwisho. Hakuna hata moja lililolinganisha na kile mtu alichokuwa nacho mkononi dakika moja kabla ya kiraka. Kwenye folda safi vitu hivyo viwili ni kitu kimoja, kwa hiyo nisingeona kamwe, hata ningechomoa waya mwaka mzima. Taratibu aliliona akaniuliza, nami nikawachekesha nalo watu.

Alipoingia akanisalimu, "Mapema leo?" Nikafunga dirisha la programu nikamwambia nilikimbia mvua.

Aprili 8

Sikusema.

Aprili 9

Sikusema. Nimejiambia nikipata njia ya kurekebisha kwanza, ndipo niseme, ili nije na habari mbaya na nzuri pamoja. Lakini anayejua kurekebisha ni Taratibu, na Taratibu ndiye nisiyetaka kumwambia.

Aprili 12

Jumapili, mvua kutwa. Wifi ameanza kuiandika upya sura ile kutoka kichwani. Akaongea na mwenzake kwa simu, mimi niko mezani na kikombe changu cha chai.

"Hapana, si kiraka chako. Ni mimi. Nilibonyeza kitu... Sijui, hata sijui nilibonyeza nini. Nisamehe, mwenzangu. Nimekurudisha nyuma."

Maneno yalikuwa yangu, ameyachukua kama yalivyo. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikaongeza sukari.

Aprili 15

Meneja ametangaza programu itatolewa kwa watu mwanzoni mwa Mei. Keki ililetwa. Nimekula kipande nikasema asante.

Aprili 19

Wifi aliniita baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ameweka kiti cha pili karibu na chake.

"Wifi, nifundishe tena. Ila taratibu safari hii, mimi ni mzito."

Kaka akacheka kidogo, akasema mke wangu kichwa chake kimejaa watoto wa watu, hakina nafasi ya vitufe. Nami nikacheka! Nikakaa kwenye kile kiti nikamwelekeza Piga Muhuri ni wapi na hutumika lini, kitu ambacho nilipaswa kumweleza siku ya kwanza, na yeye alikuwa anaitikia kama mwanafunzi wake mwenyewe. Kila akitaka kubonyeza anasimamisha kidole hewani ananitazama. Mara nne, mara tano. Mwisho akasema kichwa kinamuuma. Alasiri nimemwona anaandika kwa kalamu, kompyuta ameifunika kitambaa.

Naona haya kumtazama. Naona haya hata kaka anaponisifia mbele ya majirani kwamba dada yake ndiye anayehakikisha kazi za watu hazipotei.

Aprili 20

Mvua. Nimekasirikia ndoo.

Aprili 23

Nimesikia tena simu. Chuo kinataka sura zote mwisho wa mvua.

"Kwenye jalada," wifi akamwambia mwenzake, "weka jina lako mbele. Si ndiyo haki? Ningekuwa na akili ya mashine tungekuwa tumemaliza. Na sura ya damu imalizie wewe, mimi siiamini tena kompyuta, wala siamini mikono yangu."

Mwenzake alibishana naye sana, nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu. Wifi alikataa. Amekitaka kitabu hiki tangu kabla hajaolewa na kaka. Kaka ndiye aliyeniambia hivyo zamani, kwamba kwenye uchumba wao badala ya kuzungumza mapenzi alikuwa anamsimulia sura.

Roho imenisuta nikashindwa kumaliza chakula. Kesho kuna kikao cha mwisho kabla ya kuitoa programu.

Aprili 24

Meneja alizunguka meza akimuuliza kila mtu. Alipofika kwangu, "Mharibifu, umeridhika?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinitoka kichwani. Nikasema, "Rudisha inafuta kazi za watu."

Nikawaonyesha kwa Punda. Mistari ikafutika mbele yao na tiki ikawaka. Meneja akaniuliza, "Umejua lini?"

"Wiki ya kwanza ya mwezi. Imemtokea wifi yangu nyumbani."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

Kulikuwa na watu wote waliocheka ule mwezi uliopita, na safari hii hakuna aliyecheka. Meneja akasema haitoki mpaka ipone, na kwamba atataka kuzungumza nami peke yangu. Nilistahili zaidi ya hapo.

Nilitarajia Taratibu aseme kwamba aliniuliza. Hakusema. Aliuliza kitu kingine kabisa.

"Kompyuta ya wifi yako... tangu siku ile... imetumika?"

"Kila siku."

Akafumba macho. Nikaelewa hapo hapo, na huku kuelewa ndiko kunakoniumiza kuliko yote, kwa sababu si jambo geni kwangu, nimelisomea. Kompyuta ikifuta faili haifuti maneno. Inasahau tu yalipo. Maneno yenyewe hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ningesema siku ile ile, tukaizima, Taratibu angeyatoa karibu yote. Badala yake nilimwacha wifi akae hapo alasiri baada ya alasiri, akiandika upya juu ya kazi yake mwenyewe na kuizika kwa mikono yake, mimi nikinywa chai.

"Twende," Taratibu akasema. "Huenda kuna kilichobaki."

Wifi ndiye aliyefungua mlango. Aliona mgeni mwenye begi la vifaa, akakaribisha, akavuta kiti, akauliza kama atakunywa chai au maji. Nikaona nikingoja akae nitakosa ujasiri tena, nikasema tukiwa bado tumesimama ukumbini, ndoo katikati yetu.

"Wifi, hukubonyeza kitu. Ni programu. Kosa liko kwenye kazi yangu, nami nimelijua tangu kesho yake."

Akamgeukia Taratibu. "Sukari kiasi gani, kaka?"

Taratibu alifanya kazi mpaka chai ya pili. Wifi alikaa jikoni anamenya viazi, mlango wazi. Vilitoka vipande vipande. Nusu ukurasa, mistari mitatu, neno moja na alama zisizosomeka. Kila kipande Taratibu alikisoma kwa sauti, kwa mwendo wake ule ule, ili wifi aseme ni cha wapi.

"'Mwanafunzi... ukiona damu imezidi... usingoje kuona kama itakoma... na usiogope kuonekana hujui. Ita mtu... wakati huo huo.'"

"Sura ya damu, mwanzo," wifi akasema kutoka jikoni. Kisu hakikusimama.

Mgeni alipoondoka ndipo alipokuja kukaa mbele yangu.

"Kazi hupotea," akasema. "Mimi nimepoteza makubwa kuliko hayo kwenye chumba cha kujifungulia, nikarudi kesho yake. Hilo sikulaumu. Lakini nilikuwa naomba msamaha hapa, kwenye meza hii. Na wewe unanisikia. Nikakuita unifundishe, nikakwambia mimi ni mzito. Ukakaa ukanifundisha."

"Nisamehe, wifi."

"Usiniombe mimi kwanza." Akanipa simu yake. "Yeye ndiye niliyemdanganya bila kujua. Mpigie. Weka sauti ya juu, na kaka yako asikie."

Nikampigia mkunga mwenzake. Nilimweleza yote, pamoja na zile siku za kukaa kimya. Kaka alisimama mlangoni bado na viatu vyake vya kazini. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sikuamini hata siku moja," akasema. "Wifi yako hata bomba la sindano hulisoma mara mbili. Nilimwambia, hukubonyeza kitu wewe. Akabisha. Akasema wifi yangu ni mtaalamu, yeye ndiye anayejua."

Aprili 25

Kaka hajanisemesha. Nimemwaga ndoo mimi.

Aprili 30

Taratibu amerekebisha. Sasa kabla kiraka hakijagusa kitu programu inaweka nakala ya folda yote ilivyo, iwe na muhuri au haina, na Rudisha inarudi hapo. Nimemwambia nisamehe kwa siku ile. Akafikiri, akasema, "Mimi nami... nilipaswa kuuliza mara ya pili." Nikamwambia asijitwike langu.

Majaribio yangu nimeyaanza upya yote, kila moja kwenye folda chafu. Mengi yameshindwa. Ile sentensi ya usiwe na wasiwasi nimeifuta.

Mei 6

Mvua za mwisho mwisho. Wifi ananisomea kutoka kwenye daftari, mimi nachapa. Tunafanya hivyo kila alasiri. Ananisahihisha bila huruma, na mimi nashukuru. Jina lake limerudi mbele, mwenzake hakutaka hata kulijadili.

Mei 13

Jua. Kaka amepanda kuziba paa, kweli, na ndoo imerudi bafuni. Akiwa juu huko aliniomba nimpe nyundo, akaniita dada kama zamani. Sura ya damu imekamilika. Wifi anasema ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Anasema hivyo akinitazama usoni, na sijui kama ni kweli au ananisitiri.

Leo amekaa mwenyewe kwenye kompyuta, mara ya kwanza. Nilikuwa jikoni nikasikia anachapa vizuri tu, kwa kasi yake ya zamani. Nikafurahi. Kisha vitufe vikanyamaza, nikaenda kuangalia. Sura imeisha, kilichobaki ni Piga Muhuri. Kidole chake kilikuwa hewani.

"Wifi," akaniuliza, "nibonyeze?"

"Bonyeza, wifi."

Hakubonyeza. "Una hakika?"